Paka wa Mwalimu na Mkeka wa Mama

Kila nikitaka kumchukia sawasawa, mikono yake inaniharibia kazi. Ilikuwa mikono midogo, mikavu, kucha zimekatwa mpaka mwisho, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kwa miaka mingi ya kufuata mistari kwenye mbao za wanafunzi. Kwa kidole hicho alinifundisha kusoma mimi, mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, wakati mtaa mzima wa Kasongo ulikuwa unasema kichwa changu kimeshakauka. Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote. Nilipokosea alisema “Anza tena,” kwa sauti ileile, mara ya kwanza na mara ya ishirini, mpaka nikaona aibu zaidi kukosea kuliko kama angenipiga.

Jina alikuwa nalo, lakini sisi wanawake wenzake tulimwita Mwalimu na ikatosha. Alifundisha Kurani ndani ya nyumba yake, mlango umerudishwa. Wabelgiji waliokuwa wanatutawala hawakuyapenda madarasa yetu. Shule iliyokuwa na ruhusa ilikuwa ya misheni, na mtu aliyekusanya watu chumbani na kitabu cha Kiarabu alikuwa anatazamwa. Yeye alijua anatazamwa, akaishi kama mtu anayetazamwa: uwanja umefagiliwa kabla jua halijatoka, mtungi umefunikwa, jiko halina hata jani la muhogo chini. Akipita ajanti wa serikali hapati cha kusema.

Usafi wake ulikuwa unachosha. Ukimtembelea, macho yake yanashuka kwenye miguu yako kwanza, salamu baadaye. Nyumbani kwa watu hakula. Alisema tumbo limejaa, na sote tulijua ameangalia sufuria. Lakini mwanangu aliposhikwa na homa, na mume wangu yuko Lusangi kwenye machimbo, Mwalimu ndiye aliyekuja. Alikaa na mtoto mapajani tangu asubuhi mpaka jioni, mtoto akamtapikia kanga yake nzuri, na yeye akaikunja ile sehemu ndani kama vile ni jasho tu, akaendelea kumpepea. Nilimpenda siku ile kama ninavyompenda mama yangu. Nasema hivyo bila haya, ndiyo maana mengine yaliniuma.

Jambo lingine lililojulikana juu yake: hakusema uongo. Mara moja pulisi wa chefu alikuja kutafuta mwanamume aliyekimbia kazi ya barabara, na mwanamume huyo alikuwa nyuma ya pazia, chumba cha ndani. Pulisi akauliza, “Mwalimu, mutu iko humu ndani?” Angesema hapana, mambo yangeisha. Hakusema hapana. Alifungua msahafu, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, sura ndefu kuliko zote. Pulisi alisimama, akahamisha uzito mguu huu na mguu ule, akangoja, mwisho akaenda zake. Tulicheka wiki nzima. Tulisema, huyu mwanamke ulimi wake ni safi kama uwanja wake. Leo nikikumbuka naona alikuwa ametuonyesha mapema anavyofanya kazi, nasi tukapiga makofi.

Sasa paka.

Panya walikuwa wanakula mikeka yake na kona za vitabu, akaletewa mtoto wa paka kutoka Nyangwe ndani ya kikapu cha samaki. Mwenye uwanja kama ule hawezi kukubali mavi ya paka hata nyuma ya migomba. Akamfundisha. Alianza na kigae chenye majivu ndani, karibu na mlango wa nyuma. Paka akila tu, Mwalimu anambeba, anamweka kwenye majivu, anangoja. Akikosea hampigi. Anamrudisha. Paka alipozoea, kigae kikasogea uwanjani, hatua chache leo, hatua chache wiki nyingine, mpaka kikafika ndani ya choo, kando ya shimo. Halafu siku moja kigae hakipo, na paka anapanda kwenye ubao, anainama juu ya shimo kama mtu. Mlango wa choo ulikuwa kipande cha gunia tu, anapita chini yake, anatoka, anajilamba.

Watu walikuja kumwangalia. Usicheke, wengine walitoka mitaa ya mbali. Mwalimu alijifanya hapendi, lakini alikuwa anakohoa kidogo paka akielekea uwanjani, ili tugeuze shingo. “Munaona?” anasema. “Ile paka iko na akili kushinda watu ya huu mutaa. Hakuna mutu alimupiga.” Paka akawa sehemu ya mafundisho. Mwenye mtoto anayechafua uwanja alionyeshwa paka. Msichana aliyekuja na udhu wa haraka haraka alionyeshwa paka. Mimi mwenyewe nilionyeshwa paka, na paka akanitazama.

Mama yangu alimpenda paka yule kuliko sote. Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu baada ya baba kufa kijijini Wamaza. Magoti yake yalikuwa mabaya, hakuweza kukaa katikati ya watu bila kuegemea, kwa hiyo Alhamisi, tulipokusanyika kwa Mwalimu kusoma na kuswali alasiri pamoja, mahali pake palikuwa mkeka wa ukutani, karibu na mlango wa nyuma. Paka alikuja kumlalia miguuni. Kwetu paka ni mnyama wa nyumbani, hana neno. Anaweza kupita mbele yako unaswali na swala yako ikabaki nzima. Lakini mkojo wake ni najisi kama mkojo mwingine wowote. Mkeka uliopata tone lake hauswaliwi mpaka uoshwe, na aliyeswali juu yake hana alichoswali. Hayo Mwalimu ndiye aliyetufundisha.

Halafu akaja mzungu wa usafi. Alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake na mkalimani, akaingia kwenye vyoo vya watu, akatoka amekunja pua. Amri ikawa moja: kila shimo liwe na kifuniko cha mbao kizito, kifungwe muda wote, kwa sababu ya nzi. Atakayekutwa na shimo wazi atafungwa. Mume wa jirani yetu mmoja alidhani ni mchezo, akakutwa, akalala kizuizini. Mwalimu alikuwa wa kwanza mtaani kuweka kifuniko. Alichagua mbao nzuri, kikakaa juu ya shimo kama mlango wa sanduku. Tulimsifu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria paka.

Wiki chache baadaye, Alhamisi, tumemaliza kusoma, tunakunja mikeka, mimi nikainama kuchukua wa mama. Mwalimu akanitangulia. “Acha, nitakunja mwenyewe,” akasema, akaukunja upesi na kutoka nao nje. Nikaona tu kwamba ukingo ulikuwa na weusi wa maji. Nikadhani maji ya udhu. Alhamisi iliyofuata hivyohivyo. Ya tatu, mwanamke aliyekaa karibu na mama alinusa, akajivuta kidogo, akaangalia mkeka, akamwangalia mama. Hakusema kitu.

Na Mwalimu hakusema kitu. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo lote. Alhamisi iliyofuata tulipoingia, mahali pa mama palikuwa pametandikwa gunia lililokunjwa mara mbili, na juu yake kipande cha kitambaa cha zamani. Mwalimu alimshika mama mkono mbele ya watu wote, kwa upole ule wake, akamwambia, “Kaa hapa mama yangu. Hapa iko laini.” Wanawake wote waliangalia chini. Chumba kizima kiliambiwa, na hakuna mtu aliyefungua kinywa.

Mama alikaa juu ya gunia. Alielewa kabla yangu.

Nguo za mama nilikuwa nafua mimi. Naijua harufu ya mkojo, nimelea. Nguo zake zilikuwa na jasho, na moshi wa jiko, na mafuta ya mawese, basi. Nilimwambia usiku ule, nikamwambia tena asubuhi. “Mama, nguo zako ni kavu. Mimi ndiye ninazifua.”

“Labda kidogo kidogo,” akasema. “Mutu akizeeka hasikie tena mwili yake.”

“Hakuna kidogo kidogo. Hakuna kitu.”

“Mwalimu hawezi kunifunika,” mama akasema, “kama hakuna kitu ya kufunika.”

Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Nilikwenda kwa Mwalimu, peke yangu, nikamuuliza waziwazi kama ni mama anayelowesha mkeka. Akaweka kitabu chini. “Nani amekuambia?” akasema. Ndivyo alivyowafunga midomo wasengenyaji siku zote. Kisha akanishika bega. “Aibu ya muzee tunaifunika, mwanangu. Usiniulize tena.” Nikambusu mkono. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu kwa kuwa na jirani kama yule, mtu anayejua kusitiri, maana wangapi wangekwenda kupiga kelele sokoni? Nilimshukuru njia nzima.

Mama hakurudi tena Alhamisi. Alisema magoti. Akaanza kufua nguo zake mwenyewe, anasubiri nimekwenda shambani ndipo anachota maji. Nilipomkuta nilimgombeza, nikadhani ameona nafua vibaya. Akapunguza maji ya kunywa. Kikombe nilichomwekea asubuhi nakikuta kimejaa jioni. Udhu wake ukawa mwingi. Zamani alikuwa anatia udhu wa adhuhuri na kuswalia mpaka alasiri kama haukutenguka. Sasa kila adhana anashuka tena na ndoo, hata asubuhi za baridi, anaingia nyuma ya nyumba, anakaa huko muda mrefu, anatoka na kuswali harakaharaka kama mtu anayefukuzwa. Niliuona huo kuwa ucha Mungu wa uzee. Mwalimu alikuwa anakuja kumtembelea, wanakaa wawili chumbani, mlango umerudishwa, na nikisikia minong’ono yao nilifurahi kwamba mama hajaachwa peke yake.

Akafa kiangazi, kifua kilimbana.

Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ana haki ya kuwa pale. Mwalimu aliongoza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anawaosha wanawake wa mtaa wote. Tulipomvua mama, chini ya shuka, nikakuta amefungwa. Kitambaa cha amerikani, kimekunjwa tabaka kwa tabaka, kimekazwa kiunoni kwa mkanda wa nguo, fundo zuri la kufundishwa. Nikakifungua. Kilikuwa kikavu. Nasema kikavu kama kimetoka kwenye kamba saa hiyo. Mama yangu amekufa alfajiri, ameumwa usiku kucha, na kitambaa hakina hata doa.

Hapo nikaelewa udhu, na ndoo, na minong’ono. Kuna mafundisho kwa mtu asiyeweza kuzuia mkojo: ajioshe, ajifunge kitambaa, asubiri wakati wa swala uingie, atie udhu upya, aswali mara moja asicheleweshe, na swala inayofuata aanze yote upya. Mama hakuyasoma popote. Mama hakujua kusoma. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumfundisha, na alikuwa amesimama mbele yangu na kata ya maji.

“Mwalimu,” nikasema, “ni kikavu.”

Akakichukua mkononi mwangu, akakitupa ndani ya ndoo. “Tuendelee,” akasema. “Maji yanapoa.”

Hata hapo sikumshuku, angalia upendo unavyoweza kumfanya mtu mjinga. Nilidhani anamsitiri mama mpaka mwisho.

Baada ya kisomo cha msiba nilibeba mikeka aliyotuazima, nikairudisha mchana. Nilipita nyuma, mikono imejaa, nikasukuma mlango kwa kiwiko. Paka alikuwa juu ya mkeka wa ukutani, mahali pa mama, ameinama, mkia juu, ametulia kama alivyokuwa anatulia zamani juu ya ubao wa choo. Mwalimu alikuwa amesimama karibu yake. Kitambaa cha kufutia kilikuwa tayari mkononi mwake, na kibakuli cha majivu kiko chini, kimeandaliwa.

“Tena pale pale?” alikuwa anamwambia. “Sasa nikufanye nini, wewe?”

Akainua macho akaniona. Nyuma yangu, uwanjani, gunia la mlango wa choo lilikuwa limefunuliwa, na kile kifuniko kizuri kimekaa juu ya shimo. Mtu hahitaji kusoma kuelewa. Paka alikuwa amekwenda alikofundishwa, akakuta pamefungwa, akarudi mpaka mlango wa nyuma alikoanzia na kigae chake, akafanya mbele ya mlango huohuo. Ndiyo akili yake yote ile tuliyokuwa tunaionyeshana. Na mahali hapo ndipo tulipokuwa tumemweka mama yangu.

Nilitegemea atalia, au ataapa, au ataniita mwanangu. Alisema, “Funga mlango.”

Niliiacha mikeka pale pale kizingitini na mlango wazi.

Nilisema, usidhani sikusema. Niliwaambia wanawake wa Alhamisi mmoja mmoja. Wakanishika mikono, wakaniambia ni uchungu wa msiba, nitapoa. Na mmoja akaniambia kwa huruma kwamba mama yangu hakuwa na kosa, uzee unampata kila mtu. Paka wa Mwalimu? Paka wa Mwalimu anajua choo, mtaa wote umemwona. Nikaacha kusoma. Nilikuwa nimefika juzuu ya tatu.

Mwalimu hakukaa sana baada ya hapo. Macho yalimsumbua, akaenda Kabambare kwa kaka yake, na paka alikufa, nasikia, kabla Mwalimu hajahama. Nilipita mbele ya nyumba yake tupu miaka kadhaa, na kila mara hasira ilikuwa inanishika kwamba hakuna hata mtu wa kugombana naye.

Nilikutana naye miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nilipokwenda Kabambare kwenye harusi ya mtoto wa shemeji. Wenyeji wakaniambia kuna mwanamke mzee wa Kasongo nyumba ya pili, kipofu sasa, nimwamkie. Sikutaka. Nikaenda. Alikuwa amekaa kibarazani juu ya kigoda, kanga yake safi, uwanja mbele yake umefagiliwa na mtu mwingine, vibaya.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Akageuza kichwa. Alinijua kwa sauti. Hakuitikia shikamoo.

“Kaa,” akasema. Nikakaa. Wakamletea chai, wakaniletea na mimi, wakaondoka. Alishika kikombe bila kunywa.

“Nilijua,” akasema.

“Tangu lini?”

“Mara ya kwanza. Nilimuona paka asubuhi ile, mbele ya ninyi kuja. Nikafuta. Nikasema haitarudia.” Alikuwa anasema Kingwana, Kiswahili chetu cha nyumbani, kile ambacho wakati wa kusoma alikuwa anatukataza. “Halafu ikarudia. Na watu wameswali hapo, wiki na wiki. Ningesema nini? Wanawake wote wangejua swala zao ziliharibika kwangu. Wangeacha kuja. Na kifuniko siwezi kukiacha wazi, yule muzungu alikuwa ananitafuta sababu. Darasa ingekufa.”

“Ungefukuza paka.”

Akageuza kikombe mkononi. “Ndiyo hivyo,” akasema. “Ningefukuza paka.”

“Badala yake ukamfukuza mama.”

“Mama yako alikuwa muzee. Nikasema, muzee watu wanamusamehe. Hakuna mutu atamucheka. Na kweli, hakuna mutu alimucheka.”

Hapo nilisimama. Nilitaka kumpigia kelele mpaka watu wa harusi waje. Nilimwambia kuhusu kikombe kilichojaa jioni, na ndoo asubuhi za baridi, na kwamba mama alikufa anaamini mwili wake umemsaliti, na mwili wake haukuwa umefanya kitu. Alisikiliza yote, uso umeelekea kwangu, macho yako pengine. Alipoona nimemaliza, akaweka kikombe chini.

“Niko muzee sasa na mimi,” akasema. “Nipe radhi, binti. Sina siku nyingi.”

“Radhi si yangu. Ni ya mama, na mama yuko Kasongo, ulimwosha mwenyewe.”

“Najua. Basi uniambie tu kama aliniwekea kitu moyoni. Niende nikijua.”

Ningeweza kumdanganya. Ningesema mama alikushuku, mama alikulaani, na ungekuwa uongo mzuri, ungemtosha. Lakini kweli ilikuwa mbaya zaidi, nikampa.

“Kila swala,” nikamwambia, “akishatoa salamu, alikuwa anakuombea wewe. Kabla ya baba yangu marehemu, kabla yangu mimi. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta. Alikuwa anasema, Mungu, Mwalimu alinifunika mbele ya watu, mufunike na yeye.”

Alikuwa mtu wa kusoma. Alijua dua ya aliyedhulumiwa ni kitu gani, na kwamba haina pazia kati yake na Mungu.

“Mpaka lini?” akauliza.

“Mpaka alfajiri aliyokufa,” nikasema, nikavaa viatu vyangu.